Shamba la Miti Lisiitwe Msitu

Katika miaka ya 1950 na 1960, maofisa wa misitu wa Uganda waliua miti ya msitu wa Budongo kwa sumu. Haikuwa ajali. Mkangazi ulikuwa na soko, kwa hiyo miti isiyouzika, ukiwemo muhimbi ambao mbao zake ni ngumu mno, ilihesabiwa kuwa magugu. Hoja yao ilikuwa nyepesi: waondoe washindani, mkangazi utastawi.

Napinga hoja hiyo kwa sababu ingali hai. Kila tunapoambiwa kwamba shamba la misindano au mikaratusi "limerudisha msitu", hesabu ni ile ile: uzalishaji ni mbao za mti mmoja, mengine yote ni hasara.

Utafiti unakataa. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa viwanja zaidi ya 770,000 vya misitu katika nchi 44. Kwa wastani, msitu ukipoteza 10% ya aina za miti, uzalishaji wake hushuka kwa takriban 3%, na kadiri aina zinavyozidi kupungua ndivyo hasara inavyozidi kuwa kali. Sababu zinaeleweka. Mti upendao jua na mti uvumiliao kivuli hawagombei mwanga ule ule. Mizizi ya kina na mizizi ya juujuu haichoti maji mahali pamoja. Tena mkangazi wenyewe ni shahidi. Ukipandwa peke yake mahali pa wazi, viwavi wa nondo hutoboa ncha yake changa, shina likachipua matawi na mbao zikaharibika. Ukikua kivulini, kati ya miti ya aina nyingine, mara nyingi husalimika. Majirani hao ndio walioitwa magugu!

Wapinzani wangu wana jibu, nalo si la kudharauliwa. Mwaka 1947 William Eggeling alionyesha kwamba sehemu zilizokomaa za Budongo hutawaliwa na muhimbi, na aina za miti huwa chache kuliko katika sehemu zenye umri wa kati. Je, basi, aina moja haitoshi? Haitoshi. Muhimbi ulifika hapo baada ya vizazi vingi vya miti mingine, na bado hauishi peke yake. Jambo hilo linatufundisha kutohesabu aina kama kura. Halimpi mtu yeyote ruhusa ya kufyeka mchanganyiko na kupanda mistari.

Sidai mikaratusi ing'olewe. Watu wanahitaji nguzo na kuni, na bora zitoke shambani kuliko Budongo. Ninachodai ni ukweli wa majina. Kiswahili kimekwisha kutusaidia: Sao Hill, kule Tanzania, huitwa Shamba la Miti. Tuandike hivyo katika tasnifu zetu, na wahadhiri wasahihishe kwa kalamu nyekundu kila tunapoandika "msitu" palipo na shamba, kwa maana ripoti inayochanganya mawili hayo huficha msitu uliokatwa nyuma ya miche iliyopandwa.