Polisi na vitisho vya intaneti: Mpaka uwe wapi?

Je, ni haki polisi kutumia muda wao kuwasaka wanaotukana watu katika intaneti, ilhali majambazi wanatamba mitaani? Uingereza imelijibu swali hilo kwa namna mbili, chini ya sheria moja, ile ya Mawasiliano ya mwaka 2003.

Januari 2010, kijana mmoja aliyekerwa na uwanja wa ndege kufungwa kwa sababu ya theluji aliandika kwa mzaha kwenye Twitter kuwa angeulipua. Alikamatwa, akapoteza kazi na kutozwa faini ya pauni 385. Mahakama Kuu iliifuta hukumu hiyo Julai 2012.

Mwaka 2013, Caroline Criado-Perez, aliyepigania noti zisikose picha ya mwanamke mwingine mbali na Malkia, alitishiwa kubakwa na kuuawa. Watu wawili walifungwa Januari 2014.

Kesi ya kwanza ilipoteza muda wa polisi. Ya pili ilimtetea mtu aliyeishi kwa hofu. Tusi huuma, lakini si kila kinachouma ni jinai. Anayestahili kusakwa ni yule anayetishia uhai wa mwenzake.