Sare Haimrudishi Mtu Utotoni

"Mwanafunzi ni mwanafunzi, hana umri." Kauli hii utaisikia ofisini kwa walimu, utaisikia kwenye kikao cha wazazi, na wanafunzi wenyewe wameshaizoea. Wanaoisema wanaamini kwamba mtu akishavaa sare amerudi kuwa mtoto, na mtoto huchapwa. Mimi siikubali hata kidogo, na sheria za Tanzania haziibebi kama wasemaji wake wanavyodhani.

Tumtazame kwanza anayechapwa. Vidato vya tano na sita vimejaa watu wa miaka 18, 19, 20. Uchaguzi ukifika wanapiga kura. Wakiiba, wanasomewa mashtaka kama watu wazima. Tangu Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana walioacha masomo kwa ujauzito warudi shuleni, madarasani wamo pia wazazi. Mtu kama huyo anafika mstarini amechelewa kwa kuwa mwanawe kakesha na homa, anaambiwa ashike ukuta, na anayenyanyua fimbo ni mwalimu wa mazoezi, rika lake, mbele ya kidato cha kwanza wanaocheka chinichini. Sijui anafundishwa nini pale, zaidi ya kwamba kesho asije kabisa.

Watetezi wa fimbo wana jibu moja: mwalimu ni mzazi wa pili. Haya, tuseme ni kweli. Mzazi wa kwanza mamlaka yake anayapata wapi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, na inapogusia kumrekebisha, inamhusu huyo tu. Binti akitimiza miaka 18, baba akimtandika bakora hana tena kifungu cha sheria hiyo cha kujikinga nacho. Sasa mzazi huyo amemkabidhi mwalimu mamlaka gani? Humwazimi jirani jembe usilo nalo.

Kinachobaki mkononi mwa mwalimu ni kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Hapa lazima niwe mkweli: kanuni hizo hazikuweka ukomo wa umri, na mwanafunzi anayekataa kuchapwa anaweza kusimamishwa masomo. Hilo ndilo kosa lao kubwa. Lakini ukizisoma hadi mwisho unakuta zimemfunga mwalimu kuliko anavyopenda kukiri. Viboko visizidi vinne. Viwe kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na umri, jinsia na afya ya anayeadhibiwa vizingatiwe. Achape mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, kama yupo. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari.

Liombe daftari hilo uone watakavyotazamana. Kuchelewa mstarini hakuwezi kuitwa utovu mkubwa wa nidhamu, na mwalimu wa zamu asiye na karatasi ya mkuu wa shule hana idhini yoyote. Akimchapa mtu mzima katika hali hiyo, kwangu mimi hilo ni shambulio kama mashambulio mengine yaliyomo kwenye Kanuni ya Adhabu.

Tatizo ni kwamba wakubwa ndio wametufundisha kudharau mipaka hii. Oktoba 2019, huko Chunya, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwacharaza hadharani wanafunzi 14 wa Shule ya Sekondari Kiwanja, waliotuhumiwa kumiliki simu na kuchoma mabweni. Walikuwa wa kidato cha tano na sita. Mkuu wa mkoa hatajwi popote kwenye kanuni zile, na kuchoma jengo ni kosa la jinai lenye mahakama yake. Hata hivyo Rais Magufuli alimpongeza. Kuna kichekesho kichungu humo: mahakama zetu haziruhusiwi kumhukumu mwanamke viboko, hata awe mwizi wa kutumia silaha, lakini mwanafunzi wa kike wa miaka 19 anaweza kuchapwa na shule.

Katiba yenyewe, ibara ya 13(6)(e), inakataza adhabu za kinyama na za kudhalilisha, wala haikuandika "isipokuwa aliyevaa sare". Kenya hawakubaki kubishana kuhusu umri: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku adhabu ya viboko kwa kila mwanafunzi, na anayekiuka anakabiliwa na faini ya hadi shilingi laki moja za huko, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Wanaosema "sisi tulichapwa na tukafika" wangewauliza pia wale ambao hawakufika.

Kwa hiyo mwanafunzi mtu mzima aliyeumizwa na fimbo asiambiwe arudi na mzazi. Aende mwenyewe kituo cha polisi, achukue fomu ya polisi ya PF3, apimwe hospitali na afungue jalada kwa jina lake. Wachache hufanya hivyo, na sababu si kukosa ujasiri. Mkuu wa shule atakayeshtakiwa ndiye anayejaza sehemu ya tabia kwenye cheti cha kuhitimu. Wizara ikitaka kuanza mahali, ianzie hapo.