MMECHEKA "LOYALTY", HAKUNA ALIYEULIZA KAMA DADA AMELIPWA

Wiki hii dada wa watu kakoma. Ni msanii chipukizi, mzaliwa wa Handeni, aliyeanzia kuimba kwenye maharusi ya Korogwe kabla ya kushuka Dar. Kwenye mahojiano akaulizwa kwa nini kagombana na bosi wake wa zamani. Akajibu kifupi: "Nataka loyalty yangu."

Alimaanisha "royalty". Basi, kimenuka. Kipande cha sekunde chache kikakatwa, kikawekewa vicheko, kikazunguka kila simu. Wengine wakamwambia arudi Chanika akalime mahindi. Wengine wakasema "msameheni, Mzigua huyo". Mpaka juzi dada kafunga ukurasa wake.

Sasa tulieni kidogo. "Royalty" ni mirabaha, hela anayostahili msanii kazi yake ikitumika. "Loyalty" ni uaminifu. Tofauti ni herufi moja tu. Lakini mtu akisema kagombana na bosi na anataka chake, kuna ambaye hakuelewa anadai nini? Wote walielewa. Wangekuwa hawajaelewa, wasingejua pa kuchekea.

Na huo Uzigua mnaousingizia hauhusiki. R na L zinagongana kwenye midomo ya watu wengi kwa sababu lugha nyingi za Kibantu hazina haja ya kuzitenganisha. Kule Kenya, Wakikuyu wanataniwa kila siku kwa jambo hilohilo, wanaita kushrabu. Wajapani nao, pamoja na magari yao yote mnayoyapenda, "rice" na "lice" zinawapiga chenga, na moja ni wali, nyingine ni chawa. Kiswahili kina irabu 5, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20. Ndiyo maana kwa Mbongo "live" na "leave" ni mapacha, "ship" na "sheep" hivyohivyo. Waingereza wenyewe kila siku wanaandika "loose" wakitaka "lose", na hawana shule ya kata ya kusingizia.

Tena hao waliocheka, Kiswahili chao kikoje? Mmoja alitaka kumtukana dada, akaandika: "Huyu ana akili kabisa." Alitaka kuandika "hana". Herufi moja imegeuza tusi kuwa sifa, na hakuna aliyemkatia video.

Lakini tusidanganyane, maneno haya yana gharama. "Exclusive" na "inclusive" zinafanana kwa macho, ila hiyo ya kwanza inaweza kukufunga usifanye kazi na mtu mwingine. "Licensor" ndiye anayetoa ruhusa kazi itumike, "licensee" ndiye anayepewa. Ukichanganya mwisho wa neno, hujui hata wewe ni nani kwenye karatasi yako mwenyewe. Msanii anatakiwa aulize kabla ya kusaini. Atauliza vipi, wakati akifungua mdomo tu anachekwa nchi nzima?

Hapo ndipo mabosi wanapopiga hela. Wanaijua aibu hiyo vizuri sana. Msanii analetewa kurasa kibao za ung'eng'e, usiku, studio, anaambiwa "saini hapa, mambo ya kawaida tu". Akiuliza ataonekana mshamba. Anasaini.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo tu. Akiingia kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Wengi wanatoka hapo na ung'eng'e wa kuombea maji, halafu ndio wanaokabidhiwa mikataba ya kisheria.

Hakuna sababu ya hayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Mwaka 2021 sheria zilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sasa bosi Mbongo na msanii wa Korogwe, wote wanaongea Kiswahili, mkataba wao wa Kiingereza ni wa kumsomea nani? Andikeni "mirabaha". Andikeni "asilimia". Andikeni nani anatoa ruhusa na nani anapewa. Kuanzia Handeni mpaka Masaki, hakuna Mtanzania anayechanganya mirabaha na uaminifu.

Kurekebishana si vibaya. Mngemwambia "dada, neno ni royalty", halafu mkamgeukia bosi na kumuuliza: umemlipa? Swali hilo halijaulizwa na mtu hata mmoja. Dada kafunga ukurasa, bosi anaendelea kuposti gari.

Dada kakosea herufi moja. Kama kweli hajalipwa, kuna mtu kakosea zaidi ya herufi, na wiki nzima mmemchekea bure.

Wadau, mkataba wa msanii wa Bongo uwe Kiswahili au Kiingereza? Dondosheni maoni hapo chini.