Toa wastani kwanza, ndugu yangu

Leo nina neno na wale wanaoandika fft() kwenye R, wanaona mlima mmoja mrefu mwanzoni mwa grafu, kisha wanashangilia. Jamani, mlima huo ni jumla ya data yako tu! Toa wastani kwanza. Kama data inapanda mwaka hadi mwaka, ondoa na huo mwelekeo.

Kuna mtego mwingine, na huo ulininasa mimi. R huhesabu kuanzia 1, lakini nafasi ya kwanza ni mizunguko sufuri. Nilikuwa na mauzo ya duka ya siku 364. Kilele kikatokea nafasi ya 53, nikagawanya 364 kwa 53, nikamwandikia mteja kwamba mauzo yake hujirudia kila siku 6.9. Akaniuliza wiki yangu ina siku ngapi. (Mizunguko ilikuwa 52.) Tarakilishi haikulalamika hata kidogo.

Ndiyo maana nashauri ujizoeze na sunspot.year iliyomo ndani ya R: madoa ya jua, 1700 hadi 1988. Usipokaribia miaka 11, rudi ukahesabu upya. Wengine watakwambia utumie spectrum(), inayokuondolea mwelekeo yenyewe. Sawa, lakini baadaye.