Mlango Usio na Bawabu: Tunajifunza Nini kwa Kuanguka kwa Televisheni ya Muziki?

Tarehe 31 Desemba 2025 MTV ilizima chaneli zake tano za muziki nchini Uingereza, zikiwemo MTV Music, MTV 80s na MTV 90s. Chaneli kuu ilibaki hewani, ingawa muziki ulikuwa umeihama siku nyingi. Wakati huo nilikuwa nyumbani Kwashemshi kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka. Nilipomsimulia mpwa wangu habari hiyo, alinitazama kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, hiyo MTV ndiyo nini?"

Swali lake lilinikumbusha umri wangu. Sisi tulioukuta ujana katika miaka ya tisini tuliiona MTV kabla ya kumiliki hata redio. Palikuwa na kibanda cha video, jenereta ikinguruma nyuma, na kanda za VHS zilizorekodiwa mjini na kunakiliwa hata picha ikawa na chenga. Kupitia kanda hizo tuliwaona vijana wa Marekani wakighani, nasi tukaanza kughani kwa Kiswahili njiani kati ya mashamba ya mkonge. Anayetaka kuandika historia ya Bongo Fleva kwa haki hana budi kupita kibandani hapo.

MTV ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981. Wazo lake lilikuwa jepesi: kampuni za muziki zigharimie video, chaneli izirushe, watangazaji wa bidhaa walipe. Lakini ilianza na dosari kubwa, nayo ni kuwapa wasanii weusi nafasi finyu mno. Mwaka 1983 David Bowie, Mwingereza mweupe, alimhoji mtangazaji wa chaneli hiyo kuhusu jambo hilo mbele ya kamera. Mwaka huohuo "Billie Jean" ya Michael Jackson ikaanza kurushwa, na mwaka 1988 kikaja kipindi cha Yo! MTV Raps, ambacho kiliupa muziki wa kufokafoka mimbari ya dunia.

Anguko lilianzia wapi? Wengi hujibu haraka: YouTube. Ni kweli kwamba YouTube ilisajiliwa Februari 2005, mwezi uleule ambao MTV Base ilizinduliwa kwa ajili ya bara letu. Hata hivyo, jibu hilo linawasamehe wenye nyumba. Mwaka 1992, zaidi ya miaka kumi kabla ya YouTube, MTV ilianzisha The Real World, kipindi cha vijana saba wanaoishi nyumba moja wakirekodiwa ugomvi na mapenzi yao. Kipindi cha namna hiyo humweka mtazamaji kitini kwa muda mrefu, ilhali video ya dakika nne humpa nafasi ya kuhama. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini kidogo kidogo ikakila kiini cha chaneli. Mtandao ulipofika ulikuta nyumba imekwisha kuhamwa.

Kuna watakaosema: na ianguke! Chaneli hizi zilikuwa malango membamba, na msanii asiyejuana na mtu mjini hakupita. Leo kijana wa Kwashemshi anarekodi wimbo kwa simu na kuupandisha mtandaoni bila kumpigia mtu magoti. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi.

Lakini tujiulize: je, lango limeondoka, au limebadilishiwa mlinzi? Wimbo uliopandishwa mtandaoni bado unahitaji kuonekana, na anayeamua uonekane ni mtambo wa kompyuta unaomilikiwa na kampuni iliyo mbali, kwa kanuni zisizotangazwa. Bowie alimpata mtu wa kumuuliza. Mpwa wangu amuulize nani? Bawabu dhalimu unaweza kumlaumu, kumshitaki, hata kumwaibisha akabadilika. Mlango usio na bawabu hausikii hodi.

Hapa ndipo mjadala unapogeuka kuwa wa kisiasa. Kabla ya studio binafsi kuenea, Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi zetu. Mkoa wetu wa Tanga uliijaza nchi muziki: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, na taarabu ya Black Star na Lucky Star. Redio hiyo ilikuwa na ukiritimba na ilichuja nyimbo kwa jicho la dola; sitaki turudi huko. Lakini ilikubali jambo moja ambalo leo tumelisahau, kwamba kuusikiliza muziki wa wananchi na kuuhifadhi ni kazi ya umma, siyo biashara peke yake.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili. Kwanza, TBC, inayoendeshwa kwa kodi zetu, itenge saa za kudumu kwa muziki unaorekodiwa wilayani, mdumange wa Wasambaa na selo ya Wazigua vikiwemo, na itangaze hadharani vigezo vya uteuzi wake. Pili, Sheria ya Haki Miliki na Haki Shirikishi ya mwaka 1999 iwe na meno hata kwa msanii asiye na wakili, ili kila kituo kinachorusha kazi yake kimlipe.

Nilimjibu mpwa wangu kwamba MTV ilikuwa duka lililochoka kuuza bidhaa iliyolipa jina. Alicheka, kisha akanionyesha wimbo wake mtandaoni. Ulikuwa umetazamwa mara arobaini na moja. Niliusikiliza mpaka mwisho, nikaomba aurudie. Ni wimbo mzuri, na hakuna mlango nilioujua wa kumpeleka akabishe.