Utani wa boti za Spinalonga ukome



Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu boti za watalii huku Krete, Ugiriki, ninakoishi na kufanya kazi.

Dada yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga nilimpeleka Spinalonga, kisiwa kidogo chenye ngome iliyojengwa na Wavenisi. Lakini hatukufuata ngome. Mwaka 1903 serikali ya Krete iliamua kuwatenga hapo wagonjwa wa ukoma, na kituo hakikufungwa hadi 1957. Dada ni muuguzi, amewahudumia wenye ukoma kwa miaka mingi, akatamani kuona walivyoishi wenzao wa zamani, waliohamishiwa huko kabla dawa haijapatikana.

Tulipanda boti Elounda. Muziki ulifunguliwa mpaka hatukuweza kuzungumza. Kisha mtembezaji akashika kipaza sauti: "Atakayechelewa kurudi atalala na wakoma!" Abiria wakaangua kicheko. Dada aliinamisha kichwa, hakusema neno mpaka tukafika.

Gatini tukapewa saa moja. Saa moja, Mhariri! Katika saa hiyo upite lango lenye handaki walimoingizwa wagonjwa, uone barabara ya maduka yao na kanisa la Mtakatifu Panteleimon. Hatukuelezwa lolote kuhusu Epaminondas Remoundakis, mwanafunzi wa sheria aliyeletwa pale mwaka 1936, akawaunganisha wenzake katika chama cha kudai haki zao. Wagonjwa hao walipaka nyumba zao chokaa, wakafunga ndoa, wakazaa. Sisi tuliambiwa tu mahali pazuri pa kupigia picha. Makaburini hatukufika, honi ilikuwa inatuita.

Pesa zetu sizililii. Kinachoniuma ni kwamba ukoma unatibika, dawa zake hutolewa bure, na bado mtu anauchekea kwenye kipaza sauti, katika kisiwa ambacho jamaa za waliozikwa pale wangali hai.

Nawaomba wenye boti wakomeshe utani huo na watupe angalau saa mbili. Nanyi wasomaji mtakaojaliwa kufika huku, pandieni boti katika kijiji cha Plaka, ng'ambo tu ya kisiwa. Wakati wa kiangazi mashua ndogo huvuka kutwa kwa dakika chache. Bebeni maji, vaeni viatu vya kukanyagia mawe, na tafadhali mfike makaburini.

Msomaji wako,
Krete, Ugiriki