Katuni za marehemu ni amana ya yatima



Wiki hii tumepokea barua kutoka kwa dada yetu mmoja wa Ngara mjini. Mumewe alifariki mwaka jana. Eda yake ya miezi minne na siku kumi imekwisha, muda wa nyumba aliyopanga nao unaelekea kwisha, na sasa anajiandaa kuhamia Biharamulo kwa kaka yake, akiwa na kijana wake wa miaka 14 na binti yake wa miaka 9. Binti mkubwa ameolewa Kabanga.

Vitanda na vyombo ameshavipangia safari. Linalomsumbua ni katoni tatu zilizo chini ya kitanda. Humo mna magazeti ya katuni ambayo marehemu aliyakusanya tangu ujana wake: Sani, Kingo na mengineyo. Mashemeji wamemshauri ayauze kwa kilo kwa wauza karanga na maandazi, kwa kuwa eti ni makaratasi tu. Kijana aliposikia hivyo alitoka nje, na usiku ule hakula. Dada yetu anauliza: je, ana dhambi akihama na katuni hizo? Na akihama nazo, azibebeje zisiharibike?

Ndugu msomaji, tuanze na swali ambalo dada yetu hakuliuliza, kwani majibu ya mengine yote yanalitegemea. Katoni zile ni za nani?

Mali yote aliyoiacha marehemu, kubwa na ndogo, huingia katika mirathi baada ya gharama za mazishi, kulipwa madeni na kutekelezwa wasia usiozidi thuluthi. Sheria haikusema kwamba shamba la migomba ni mirathi na magazeti ni takataka. Barua inaeleza kuwa wazazi wa marehemu walitangulia mbele ya haki, na kwamba ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mjane ana thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike. Tukigawa mali katika sehemu 32, mama ana sehemu 4, kijana ana 14, na kila binti ana 7. Ndugu wa marehemu hawarithi kitu hapa, kwa kuwa yupo mtoto wa kiume. Ushauri wao wa heshima usikilizwe, lakini amri ya kuuza si yao.

Tena wawili kati ya warithi hawa ni yatima ambao hawajafikia kujisimamia. Sote tunayajua makemeo yaliyomo katika Sura hiyo hiyo, aya ya 10, kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma. Wengi wetu tukisikia makemeo hayo hufikiria viwanja na ng'ombe. Ni mara chache kumfikiria yatima ambaye mali aipendayo kuliko zote imekuwa karatasi ya kufungia karanga sokoni.

Hata mama mwenyewe aangalie. Akitaka kijana apewe mkusanyiko wote kwa mapenzi yake, anaweza kumwachia sehemu zake 4. Binti mkubwa akiridhia kwa hiari, bila ya kuonewa haya, anaweza kumwachia zake 7. Lakini 7 za yule mdogo hazina wa kuzigawa zawadi. Njia iliyo salama ni magazeti yakadiriwe thamani na mtu anayeyajua, yahesabiwe katika fungu la kijana, na dada yake afidiwe kwa kitu kingine cha mirathi. Au yabaki kuwa mali ya wote, yakitunzwa mahali pamoja, mpaka mdogo akue. Jambo hili lipitie kwa msimamizi wa mirathi, na sheikh wa hapo Ngara ashirikishwe.

Sasa tuje kwenye hofu ya dhambi. Masheikh wametofautiana katika suala la michoro ya viumbe vyenye roho. Wapo wanaozuia moja kwa moja, na wapo wanaokataza kinachotundikwa na kutukuzwa, wakawa wepesi kwa kisichokuwa hivyo. Dada yetu amuulize sheikh anayemwamini, na kwa sasa magazeti yakae ndani ya katoni zilizofungwa, pasiwe na picha ya kutundikwa ukutani katika nyumba mpya. Yaliyomo nayo yachujwe. Baadhi ya magazeti ya aina hiyo yalibeba hadithi na picha za mapenzi zisizofaa kuingia mikononi mwa watoto. Hayo mama ayatenge mwenyewe, awaonyeshe binti mkubwa na msimamizi wa mirathi, kisha yateketezwe. Yasiuzwe, maana atakayeyanunua ataenda kuyasoma.

Yaliyobaki yana faida yake. Sani lilipewa jina kutokana na herufi za mwanzo za majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Kingo ni kazi ya mchoraji James Gayo. Kabla yao wazee wetu walicheka na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Ndani ya michoro ya Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge mna foleni za maduka, mabasi yaliyojaa, mabwana wenye majivuno na vijana waliokimbilia mjini bila ya kazi. Mtoto wa leo akimuuliza mama yake maisha yalikuwaje babake alipokuwa kijana, sehemu ya jibu imo katika katoni zile. Nakala hizo hazichapwi tena. Ikipotea moja, dukani hakuna nyingine.

Namna ya kuhama nazo ni hii.

Kwanza, ziandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqara, inatufundisha kuandika deni, dogo au kubwa, mpaka muda wake. Tuchukue adabu hiyo hapa. Kijana apewe daftari, aandike jina la gazeti, namba ya toleo, tarehe na hali yake: zima, limechanika, limekosa jalada. Kila katoni ipewe namba, na daftari lioneshe nini kimo katika katoni ipi. Mama na kijana watie saini. Daftari lisafiri katika mkoba wa mama, lisiwekwe ndani ya katoni.

Pili, zikaguliwe. Karatasi ya gazeti ni dhaifu; jua na joto huigeuza rangi ikawa ya manjano, kisha ikavunjika kama jani kavu. Kwa hiyo magazeti yenye unyevu yasianikwe juani, bali yatandazwe kivulini penye hewa. Kurasa zilizogandana zisibanduliwe kwa nguvu. Zenye ukungu zifungwe peke yake zisiambukize nyingine. Sakafuni na ukutani zitazamwe njia za udongo za mchwa, na kila katoni ya zamani ikung'utwe mende na mayai yao. Pini zilizopata kutu zitolewe taratibu, na palipochanika pasibandikwe gundi ya utepe, kwa kuwa hukauka, huacha doa na kuila karatasi.

Tatu, zipakiwe katika katoni ndogo. Katoni inayofaa ni ile ya karatasi za kuchapia, ambayo maofisi na maduka ya vifaa vya shule huitupa. Hubeba rimu 5, yaani kama kilo 12 na nusu, uzito ambao kijana anaweza kuuinua bila ya kuuangusha. Katoni za samaki, mafuta na sabuni ziepukwe, na viroba visitumike kabisa, maana gazeti ndani ya kiroba hujikunja. Magazeti yalazwe chali, migongo ikipishana kulia na kushoto ili rundo lisiinamie upande mmoja. Nafasi iliyobaki ijazwe kwa karatasi safi, yasiteleze njiani.

Hapa tukumbushane jambo. Wakati wa kuhama, magazeti ya zamani hutumika kufungia viatu na sufuria. Kurasa zenye aya za Qur'an au jina la Mwenyezi Mungu, zikiwemo za gazeti kama hili, zisitumiwe hivyo. Misahafu na juzuu zipakiwe katika chombo chake na kuwekwa juu ya vyote. Kurasa zilizochakaa zichomwe kwa heshima au zifukiwe mahali safi. Sayyidna Uthmaan, radhi za Allah zimshukie, alipounganisha umma juu ya msahafu mmoja aliamuru maandishi mengine yachomwe.

Nne, safari yenyewe. Anayeweza kungoja na ahame Juni, Julai au Agosti, miezi ambayo Ngara ni kavu. Asiyeweza, avingirishe kila katoni kwa nailoni siku ya safari baada ya kuhakikisha karatasi ni kavu, kisha afunike kwa turubai. Katika lori, katoni zisikae sakafuni, ambako maji hujikusanya, wala karibu na dumu la mafuta ya taa au jiko la mkaa. Zikae juu ya meza au kitanda, na kisiwekwe kizito juu yake. Nakala chache zenye thamani kubwa kijana azipakate mwenyewe. Barabara kupitia Nyakahura na Lusahunga ina malori mengi ya mizigo. Dereva aambiwe mapema kuwa kuna mzigo wa karatasi, asije akasimama kuongeza magunia juu yake.

Tano, zikifika zihesabiwe kwa daftari lile lile, siku hiyo hiyo. Ziwekwe juu ya mbao, zikiwa mbali na ukuta kiasi cha shubiri moja, na zisichanganywe na vitabu vya wenyeji mpaka zipite wiki kadhaa bila ya kuonekana mdudu. Vidonge vya nafthalini visiwekwe mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kuvifikia, kwani ni sumu.

Watu wa Ngara wanajua kuna kuhama kwa aina nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 waliwaona watu wapatao robo milioni wakivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, kila mmoja na alichoweza kujitwisha, wakaenda kupiga kambi Benaco. Mwenye kukimbia namna hiyo haulizwi aliacha nini nyuma. Sisi tunaohama kwa mkataba kwisha, tena tukiwa na siku za kutosha kufungasha, tutaulizwa.

Dada yetu, mkabidhi kijana daftari leo. Mkae naye sakafuni, yeye akisoma namba nawe ukihesabu, na binti mdogo akiwapa magazeti moja moja. Katika kuhesabu huko atakueleza ni toleo lipi alisomewa na babake, na lipi walilicheka pamoja. Hiyo nayo ni haki yake, na haina fungu katika zile sehemu 32.

Tunamuomba Allah amrehemu marehemu, awasahilishie safari yenu, na awape kheri ya nyumba mnayoiendea.

Wabillahi tawfiq.